Kisu Kilichovuliwa Mpini

Marehemu alikuwa amelala juu ya meza ya kazi, uchi, huku harufu ya mafuta ya mawese ikimtoka.

Inspekta Karoli Ndayizeye alivaa glavu, akainama, akamgeuza kwa ncha ya kalamu.

"Ni huyu?"

"Njo yeye," Mugisho alijibu. "Bamemuua, Inspecteur. Mutazame vile bamemuacha."

Kilicholala pale kilikuwa chuma. Ubapa wa kisu, urefu wa kiganja na nusu, na nyuma yake ule mkia wenye matundu matatu ambao mpini hukaa juu yake. Mpini wenyewe haukuwepo. Mtu alikuwa ameingia katika gereji ya Mugisho, mtaa wa West Side, mjini Buffalo, akaiacha mashine ya msasa, akaziacha drili mbili, akakiacha hata kisu, kisha akaondoka na mpini wa kisu.

Katika daftari la polisi wa Buffalo, Karoli alikuwa mpelelezi wa kawaida tu. Lakini alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka, na Wakongo wote wa West Side walimwita Inspekta. Yeye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kila kesi iliyonuka Kiswahili ilitupwa mezani kwake: mbuzi waliofugwa bafuni, sare za kwaya zilizogombaniwa, harusi ambayo majirani waliipigia polisi simu. Kesi ya mpini ilikuwa mpya hata kwake.

Simu ililia. Luteni wake.

"Nasikia kuna kisu kimeibwa."

"Hapana, afande. Kisu kipo. Kimeibwa kishikio chake."

"Karoli, umekula chakula cha mchana?"

"Bado, afande."

"Nenda ukale."

Hakwenda. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kutokula chochote kabla ya kumaliza kazi ya eneo la tukio. Kanuni hiyo ilimtesa sana, maana alipenda chakula kuliko alivyopenda sheria.

"Tuanze," alisema. "Mara ya mwisho ulikiona lini kikiwa kizima?"

"Siku ya Mungu jioni. Kisha misa balikuja bageni, nikabaonyesha. Jumatatu nilikuwa ku kazi mashifti mbili. Leo Jumanne ninaingia hapa, bon, ninakuta maiti."

"Mlango una kufuli?"

"Iko na kufuli. Ufunguo njo ilipoteaka mwaka jana."

"Ulikitengeneza kwa muda gani?"

Hapo Mugisho alinyooka. Kiwandani alikuwa mtu wa kufunga madirisha kwenye maboksi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ndani ya gereji hii alikuwa fundi.

"Miezi tano. Nilichora ku katoni mara kumi na moja. Nikaikata kwanza na mbao, nitembee nayo mu mufuko, mukono uizoee. Kisha chuma. Moto, kuizamisha mu mafuta, kisha oveni ya bibi yangu masaa mbili, juu isikuwe ngumu sana ikavunjika."

"Oveni ya jikoni, ya mkeo?"

"Mukate yake ya Noeli ilinuka chuma. Alishanisamehe." Alifikiri kidogo. "Karibu amalize."

"Na mpini?"

"Ya muti."

"Mti gani?"

"Muti ya kwetu. Ya Congo."

"Uliupata wapi hapa Buffalo?"

Mugisho alitazama dari. Dari haikuwa na kitu cha kutazama.

"Ilikuwaka tu hapa hapa," alisema.

Karoli aliandika: Mti, anakwepa.

Kilichomuuma Mugisho hakikuwa mti peke yake. Jumamosi hiyo kulikuwa na maonyesho ya mafundi wa visu huko Louisville. Alikuwa amesubiri miaka mitatu apewe meza. Alishatuma picha ya kisu, na waandaaji walitaka kukiona kile kile cha pichani. Asipotokea, meza ingepewa mwingine, naye angerudi mkiani mwa foleni.

"Miaka tatu ingine nitafunga madirisha, Inspecteur," alisema, na machozi yakamlengalenga bila aibu. "Ninataka siku moja mutu aniulize unafanyaka nini, nijibu: mi ni fundi."

Karoli alimwonea huruma. Kisha akakinusa tena chuma.

"Wewe hupaka mafuta gani?"

"Ya mashine. Meupe."

"Haya ni mekundu. Ni mawese. Mwizi wako alikipangusa kisu, akakipaka mafuta kisishike kutu." Alionyesha pembeni. Pini tatu za shaba, zile zinazopita katika matundu ya mkia, zilikuwa zimepangwa kwenye kisahani cha chai, sambamba. "Na akakuwekea pini zako zisipotee. Mwizi mwenye adabu kama huyu sijawahi kumfukuza."

Aliomba picha ya mpini. Mugisho alimtumia kwa simu. Ulikuwa mti wa rangi ya asali, uliolainika sana, na karibu na kitako ulikuwa na nukta tatu nyeusi mfululizo.

"Nukta hizi ni nini?"

"Zilikuwaka ndani ya muti. Niliziacha juu ni mazuri. Batu ba Louisville banaona ni alama ya fundi."

"Nani hakipendi kisu hiki?"

"Précieux," Mugisho alijibu kabla swali halijaisha.

Précieux naye alikuwa fundi wa visu, mwenye meza yake kwenye maonyesho ya Louisville kwa miaka miwili sasa. Wikiendi iliyokuwa imepita alikuwa Buffalo kuwasalimia ndugu, na Jumapili alikuwa miongoni mwa wageni. Karoli alimpigia akiwa amesimama pale pale gerejini.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Louisville, ku kazi, mu depo. Niliendesha usiku yote, nikapiga kadi saa kumi na mbili asubuhi. Kuko makamera, Inspecteur. Zinaniona ata nikijikuna."

"Ulikipenda kisu cha Mugisho?"

"Chuma, ndiyo. Mupini, non. Ilikuwa munene nyuma. Nilimuambia, akakasirika."

"Kwa hiyo ukautoa."

"Mi? Nikiutoa nitakuwa nimemusaidia!"

"Mtu angeutoaje?"

"Mwepesi. Pini hakuwa bado amezipiga nyundo. Gundi tu njo ilikuwa inashika. Uchemushe kisu mu maji, gundi inalegea, mupini inaanguka yenyewe. Mugisho mwenyewe alitutangazia: musioshe na maji ya moto, mutanivua mupini."

"Nani alisikia?"

"Bote. Batu kumi na tano. Pamoja na ule mama wa kupitisha chai ku mulango."

Karoli alikata simu. Maji ya kuchemka yalihitaji sufuria, na mawese yalihitaji jiko. Alivuka uani akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na hapo kanuni yake ya kwanza ilipata mtihani wake mkubwa. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa ikitokota. Bugali lilikuwa likigeuzwa.

Emérence, mke wa Mugisho, alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee. Bugali liligeuzwa na mama yake, Koko Nsimire. Koko ni bibi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wasio wajukuu wake. Alikuwa mama mfupi, mwenye mikono iliyoshiba kazi, na alikuwa akigeuza bugali kwa fimbo ya hoki.

Karoli alitazama mara mbili. Ilikuwa fimbo ya hoki kweli, ya wale vijana wanaocheza kwenye barafu, imesuguliwa ikawa nyeupe.

"Mbona fimbo ya hoki?"

"Musimuulize, Inspecteur," Emérence alisema. "Tumenunua miiko mbili ya duka, zote zimevunjika. Tangu Pasaka njo hiyo tu. Ananiambia tu: bugali haiulizi."

Mugisho alichungulia mlangoni. Mara ile ile Koko aligeuka akatazama ukuta.

"Muambie ule mutu," alimwambia bintiye, "afunge mulango, nzi banaingia."

"Mugisho, mama anasema ufunge mulango."

"Muambie mama nimefunga."

"Mama, amefunga."

Wote watatu walikuwa hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Huko Walungu, mashariki mwa Kongo, walikotoka, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja, hawaitani majina, hawaombani kitu. Wengi walipofika Amerika waliilegeza desturi hiyo, maana nyumba ni ndogo na choo ni kimoja. Koko Nsimire hakuilegeza hata kidogo. Miaka tisa alikuwa amekaa nyumba moja na Mugisho bila kumsemesha neno, na kila mtu alimsifu kwa hilo, Mugisho akiwa wa kwanza.

"Koko, jana Jumatatu ulikuwa wapi?" Karoli aliuliza.

"Hapa."

"Ukifanya nini?"

"Nilipika."

"Ulipika nini?"

"Vitu."

"Uliona mtu gerejini?"

"Sikuona mutu." Alimtazama Karoli usoni bila kupepesa. "Mi sijaiba kitu ya mutu, tangu nizaliwe. Uandike. Sasa ukae, ukule."

"Asante, Koko. Nikiwa kazini sili."

"Shauri yako."

Karoli alirudi kituoni akiwa na njaa na hasira. Bibi hakuonekana kusema uongo. Lakini kati ya watu wa nyumba ile, ni yeye peke yake aliyekuwa na sufuria, mawese na Jumatatu nzima bila mtu wa kumwona.

Jumatano alimpigia Bonheur, kaka yake Emérence, anayeishi Gahanna karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, Ohio. Lengo lilikuwa kuthibitisha siku ya Koko, kwani Emérence alisema mama na mwanawe huongea kila jioni.

"Mama? Ndiyo, tuliongea Jumatatu," Bonheur alisema. "Nilikuwa ku breki ya kazi. Aliniuliza gundi gani inashika muti."

Karoli aliweka chini andazi alilokuwa anakaribia kulifikisha kinywani.

"Mti gani?"

"Sijui. Nilimuambia aende ku duka. Akasema haendi, atachukua gundi ya batoto ya shule. Labda ni mwiko ya papa yetu. Ilipasukaka kichwa mu baridi, akaifunga mu kitenge, akaitia nyuma ya frigo, anasema siku moja nitakuja kuitengeneza. Sijapata siku."

"Niambie kuhusu huo mwiko."

"Papa njo aliuchonga, Walungu. Mama alikimbia nao. Bengine balibeba magodoro, yeye alibeba mwiko. Uliingia Nyarugusu ku kambi, ukapanda ndege. Ku mupini yake, pale mukono inashika, papa alitoboa na musumari ya moto. Tatu. Moja ni mi, moja Emérence, moja Alliance. Alliance alibaki Nyarugusu. Alikuwa na miaka sita. Papa naye tulimuzika kule."

Karoli alifungua picha ya mpini kwenye simu yake. Nukta tatu nyeusi, mfululizo, karibu na kitako. Alijisikia vibaya, na hakulimaliza lile andazi.

Alhamisi saa tisa mchana aliwakusanya wote jikoni. Mugisho alisimama karibu na mlango, Emérence karibu na jiko, Koko akatazama ukuta.

"Naomba kuuona mwiko ulio nyuma ya friji," Karoli alisema.

"Uko mwiko nyuma ya frigo?" Emérence aliuliza.

Mugisho alitazama tena dari.

Koko hakwenda kwenye friji. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na kitenge kilichofungwa fundo, akakiweka mezani. Ndani mlikuwa na mwiko mkubwa wa mti wa rangi ya asali, uliopasuka kichwani. Kishikio chake kilikuwa kimekatwa juu, kimepungua shibiri nzima. Mkato ulikuwa safi, wa msumeno wa fundi. Juu ya mkato vilifungwa kwa uzi vipande viwili vilivyochongwa kwa umbo la mpini, vimepakwa gundi nyeupe ya shule. Karoli alivigusa. Kimoja kilidondoka.

"Haishike," Koko alisema kwa uchungu. "Nimejaribu mara tatu."

"Koko, ni wewe uliyeutoa mpini?"

"Ni mi. Nilichemusha kisu ndani ya sufuria ya sombe. Saa nzima. Siku ya Mungu batu balikuwa banapitishiana kisu, banasema ah, mupini muzuri, ikafika ku mulango penye nilisimama na chai. Nikaona batoto bangu batatu. Tangu Pasaka nilijua mwiko imekuwa mufupi, sikujua juu ya nini. Nilizani nimezeeka, ninasahau urefu yake."

"Na chuma ukakirudisha."

"Chuma ni yake. Nilipangusa, nikapaka mafuta, nikapanga pini zake. Muti ni yangu. Nilikuambia, mi sijaiba kitu ya mutu."

Emérence alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa kazini siku ile ya wageni, hakukiona kisu. Sasa aligusa nukta ya katikati, ile yake, kisha akamgeukia mume wake.

"Ulikata mwiko ya papa?"

"Januari," Mugisho alisema, akakaa kwenye ndoo ya unga. "Nilizani imetupwa. Imepasuka, iko na vumbi, nyuma ya frigo. Nikashika ule muti, weee! Mukono ya mutu ilikuwa imeifanyia msasa miaka makumi. Mashine haiwezi kufanya vile. Nikasema nitakata kidogo tu, nirudishe yenye kubaki. Sikujua zile alama ni batu."

"Kwa nini hukuuliza?" Karoli alisema.

"Inspecteur! Mutu anaombaka mama mukwe mwiko?"

"Ungemtuma mkeo."

"Angejua ni ombi yangu. Ni haya ile ile."

Karoli alimgeukia Koko.

"Na wewe, ulipoona mti wako kwenye kisu chake, kwa nini hukumdai?"

"Ni mukwe," Koko aliuambia ukuta. "Nitamusemesha na kinywa gani?"

Inspekta alikaa chini. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na jambo hili: mwizi aliyeiba kwa heshima, na mwingine aliyeiba kwa heshima zaidi, na polisi ameitwa kwa kuwa watu wawili wa nyumba moja hawawezi kuambiana samahani.

"Sheria iko hivi," alisema. "Mugisho ndiye mlalamikaji, na ndiye mwizi wa kwanza. Koko ni mwizi wa pili, na ndiye mwenye mali. Nikimkamata mmoja lazima niwakamate wote, na gari langu lina kiti kimoja cha nyuma. Mtakaa bega kwa bega mpaka kituoni."

Mugisho na Koko walishtuka kwa pamoja.

"Kwa hiyo malizeni hapa hapa."

Sombe ilitokota. Mugisho alichomoa ubapa wa kisu mfukoni, umeviringishwa katika kitambaa, akauweka mezani kando ya kitenge.

"Emérence," alisema, "muambie mama: muti ni yake. Nitaichongea mwiko hiyo kichwa mupya, na zile vipande nitazirudisha juu na gundi ya kweli, zishike. Louisville nitabapigia simu leo. Nitabaambia sikuji."

Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye ndoo ya unga, naye alimaanisha. Emérence alifungua mdomo ampelekee mama yake ujumbe, lakini Koko alikuwa amekwisha kugeuka. Aliokota kile kipande kilichodondoka na kukilaza juu ya mkia wa kisu. Akakata kile kingine kutoka kwenye uzi, akakilaza upande wa pili. Akakifumbata kisu kizima kwa mkono wake uliogeuza bugali miaka arobaini, akakipima, akakata hewa mara mbili. Karoli alirudi nyuma hatua moja.

Kisha Koko Nsimire akamtazama mume wa binti yake usoni.

"Mugisho."

Sahani ilimponyoka Emérence ikavunjika sakafuni. Hakuna aliyeitazama.

"Mama," Mugisho alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Iko munene hapa nyuma. Mukono itachoka."

"Ndiyo, mama."

"Punguza. Hapa, na hapa. Batoto bangu usibaguse."

"Sitabagusa, mama."

"Papa ya Emérence alikuwaka fundi. Muti yake imekuwa nyuma ya frigo inatosha. Iende, bamafundi bengine baione. Lakini hauuzishi."

"Siuzishi, mama. Ata bakilia."

"Na kama ungeniomba, ningekupa."

Mugisho alilia waziwazi, kitu ambacho Karoli aliamua kutokiandika.

Kazi ilianza saa ile ile. Msasa uliimba gerejini, Koko akiwa amesimama nyuma ya fundi akionyesha kwa kidole. Gundi ya epoksi hutaka siku nzima ikauke sawasawa, na Louisville ni mwendo wa saa tisa, kwa hiyo Ijumaa asubuhi kisu kiliingia garini kikiwa bado kimebanwa kwa vibanio viwili. Koko alikataa kiwekwe kwenye buti la gari. Alikaa kiti cha mbele, kisu mapajani, akasema gundi itakaukia Ohio. Walipanga kulala Gahanna kwa Bonheur, ambaye hatimaye angeziona tena zile nukta, kisha Mugisho azipige pini nyundo mezani kwake.

Karoli aliandika ripoti ya mistari mitatu. Mali iliyopotea: mpini mmoja. Mali iliyopatikana: mpini mmoja. Mshtakiwa: hakuna, wote wawili wamekiri. Luteni aliisoma mara mbili, akauliza kama Karoli ameshakula.

Alikuwa ameshakula. Alhamisi ile ile, kesi ilipofungwa, Koko alimkalisha mezani akamwekea mlima wa bugali lililogeuzwa kwa fimbo ya hoki. Lilikuwa laini kuliko yote aliyowahi kula, naye aliongezwa mara mbili.

Jumamosi mchana ilimfikia picha kutoka Louisville. Meza yenye kitambaa cheusi, kisu kimelala juu yake, mpini mwembamba, nukta tatu zikiangalia juu. Mbele ya meza, kwenye kiti ambacho bila shaka kilikuwa cha fundi, alikaa Koko Nsimire na kitenge chake kipya, amekunja mikono. Fundi alisimama nyuma yake.

Chini ya picha Mugisho alikuwa ameandika: "Inspecteur, asanti. Batu batatu balitaka kuinunua, mama akabafukuza. Kuko mutu mwenye aliuliza nani fundi, mama akaninyooshea kidole, akasema ni mutoto yake. Lakini minakuomba, uko na sheria ingine ya kumunyamazisha? Tangu Cleveland ananiita jina, na hajapumzika."